Kuhusu Mimi Kuandikwa Komenti Nyumbani kwa Kaka Yangu

Kaloleni, Nairobi
19 Desemba 1999

Kwa Mwalimu Nthoki,
Chuo cha Kompyuta, Buruburu

Mwalimu mheshimiwa,

Natumai u mzima. Mimi ni Nahashon Kweyu, baba mdogo wa mwanafunzi wako Everline. Ninaishi kwa kaka yangu Wandera tangu 1995, kwa muda tu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa nina hasira.

1. Ulimpa Everline kazi ya kuandika familia yake ndani ya kompyuta kwa hiyo XML yenu, lugha ya kupangia habari, kisha atunge templeti, yaani kanuni, za kuigeuza iwe karatasi ya mgao wa chakula cha Krismasi. Kila aina ya kitu ina templeti yake. Kaka, mkewe Asenath na watoto ni elementi, yaani vitu kamili vya kuhesabiwa: kila mmoja chapati na kuku. Nikajitafuta humo mpaka macho yakauma. Everline akanionyesha kwenye kompyuta kwamba mimi ni komenti. Nimeandikwa pembeni, "baba mdogo bado yuko kwenye kochi," na komenti, kwa mafunzo yako, hupitwa kimya kimya bila kuchapishwa. Jamani!

2. Ndala za kaka yangu ni atributi yake, yaani sifa iliyobandikwa kwake, nazo zimechapishwa: saizi tisa, bluu. Ndala zimo, mimi simo. Na anayezivaa kila siku ni mimi.

3. Shemeji Asenath huheshimu sana kitu kilichopigwa chapa. Jana aliibandika karatasi ile jikoni akaanza kugawa ugali kwayo. Sufuria ikanipita. Nilipokohoa, Triza, mtoto wao wa darasa la pili, alisema komenti haina sauti, na kaka yangu mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa. Iliniuma sana, Mwalimu.

4. Leo pasta alikuja kuombea nyumba, akasomewa karatasi hiyo hiyo. Akaombea hata ndala. Sasa mwaka elfu mbili ndio huo unabisha, na kila mtu anasema kompyuta zitachanganyikiwa, wengine hata kwamba dunia itaisha. Je, huko mbinguni nako wakiita watu kwa karatasi? Nitabaki Kaloleni peke yangu, na pengine bila kochi.

Kwa hivyo naomba, kabla ya Krismasi, umwamuru Everline anifanye elementi kamili, yenye jina lake, kama wenzangu. Nisipopata jibu nitakuja huko chuoni mwenyewe nikae. Na kukaa, uliza mtu yeyote hapa, nakujua.

Wasalimie walimu wenzako, bawabu, na yule mama anayeuza mandazi langoni.

Wako aliyepitwa,
Nahashon Kweyu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Everline ameniambia kuwa elementi iitwayo baba mdogo tayari ina templeti yake, iliyoagizwa na shemeji: afungiwe mizigo, apandishwe basi la kurudi kwetu Butere mara tu baada ya mwaka mpya. Nikamuuliza, na komenti je? Akasema templeti hiyo huipita komenti bila kuigusa. Tafadhali, Mwalimu, usibadilishe kitu. Hata chapati nimesamehe.