Malalamiko Juu ya Pasi Kuchoshwa na Suruali

Jumanne, tarehe 9, saa kumi na moja jioni

Kwa Shangazi, fundi cherehani, chumba cha mbele.

Shikamoo. Jana ulisema, "Mwanangu, ukiitaka tena pasi yangu, niandikie barua." Basi naandika, na naahidi kueleza yote bila kuficha, hata yale ya shati.

Kama ujuavyo, natengeneza bodi ya umeme ya kuwasha taa kitandani kwa Bibi mtu anapobisha hodi mlangoni. Bibi hasikii tena hodi, kwa hiyo anashinda kwenye kiti kando ya mlango asije akapitwa na mgeni, na usingizi wa mchana ameuacha. Nachapa mchoro wa njia za umeme kwa printa ya shule, naulaza kifudifudi juu ya kibao cha shaba, kisha naukandamiza kwa pasi ya moto mpaka wino uhame kutoka kwenye karatasi na kugandia shaba. Nimeshatengeneza bodi nne, na taa haijawaka hata mara moja. Mwalimu anataka kuiona Ijumaa. Nalalamika hivi:

1. Pasi inachoshwa na suruali. Inashinda nazo tangu asubuhi. Ikinifikia mimi kwa dakika zangu sita, nguvu zimekwisha.

2. Nimelaumiwa kwa sababu shati jeupe la mteja limepata mchoro mgongoni. Sikatai. Lakini mistari ilitoka safi kuliko kwenye shaba, jambo linaloonyesha kwamba pasi imezoeshwa kupendelea nguo.

3. Nguo iliyopigwa pasi hukunjamana mwenye kuivaa akikaa tu. Shaba haikunjamani. Kwa heshima zote, Shangazi, unatwanga maji kwenye kinu.

4. Kwa hiyo naomba wateja wavae makunyanzi mpaka Ijumaa. Baada ya hapo pasi ihamie rasmi mezani kwangu, nawe uwe unaiazima Jumapili, kwa barua.

Wasalimie wateja wote, hasa mwenye shati. Mwambie mchoro ule hauna umeme.

Mimi mtiifu,
Binti wa kaka yako

Nyongeza: Kabla sijaipenyeza barua hii chini ya mlango wako, nimezitazama tena bodi. Zote nne mchoro umekaa kinyume, kama uso kwenye kioo. Ilipasa niugeuze kabla ya kuuchapa. Nimesahau mara nne. Pasi haina kosa, wala suruali. Kesho nitachapa uliogeuzwa. Tafadhali nijibu leo hii: je, utanipa dakika sita, kisha utoke nje wewe mwenyewe ubishe hodi, tuone kama Bibi ataijua akiwa kitandani kwake?