Mama Mkwe Ameniulia Shujaa Wangu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wanaokuchorea majoka. Mimi ni fundi wa majokofu, msomaji wa jarida lenu la michezo ya mezani tangu lilipokuwa la rangi moja na wino wake ukibaki vidoleni. Nakuomba, kwa heshima zote, uwazuie watu fulani kulisoma. Sababu ni hizi:

1. Zamani wasomaji tulijuana: mimi, kinyozi, muuza miwani na mwalimu wa hesabu. Kila Jumamosi mchana tulizunguka meza yangu ya chakula. Mmoja anasimulia safari, wengine tunakuwa mashujaa, dadu zinaamua nani afe. Wake zetu walituona tumechanganyikiwa, nasi tuliridhika. Heshima ya jarida ilikuwa hiyo: hakuna mwenye akili timamu aliyeligusa.

2. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe, mkunga mstaafu, alihamia kwetu. Alikuwa haongei, anashinda sebuleni akitazama ukuta. Siku moja akaliona jarida lenu kwenye kochi (sijui nani aliliacha, na mke wangu aache kunitazama). Akalisoma lote, hadi matangazo. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wapiganaji wenu wanajisaidia wapi?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza.

3. Ukurasa wa barua, uliokuwa na mijadala mizito kuhusu urefu wa mikuki, umevamiwa. Toleo lililopita bibi mmoja anauliza nani anawalea watoto wa mazimwi tunayoyaua. Mshonaji mmoja ametuma vipimo vya joho ambalo mchawi anaweza kukimbia nalo bila kujikwaa, nawe ukamchapishia na mchoro juu. Mwalimu wa hesabu amelishona. Amelivaa, Mhariri, na limemkaa.

4. Mama mkwe akaomba akae mezani atazame tu. Kutazama kwenyewe kulikwisha kabla chai haijapoa. Jumamosi iliyofuata akaja na shoga zake wawili, na haukupita muda akawa yeye ndiye msimulizi. Wenzangu hawakupinga. Kinyozi, niliyesoma naye darasa moja, alidai hajawahi kuogopa mlango wa kufikirika kama ule aliofunguliwa na mama huyu.

5. Sasa msiba wenyewe. Shujaa wangu, Shoka la Radi, aliyepona moto, sumu na mahesabu ya mwalimu, mama mkwe alimuua kwa kuhara. Eti alikunywa maji ya mto bila kuyachemsha. Nilipinga kwamba mashujaa hawaharishi. Akanitazama kama alivyozoea kuwatazama waume waliozirai mlangoni mwa wodi, akasema, "Nimewaona wenye misuli kuliko huyo. Tupa dadu." Nikatupa. Ikasimama kwenye moja.

6. Nilikwenda jikoni nikajifanya naosha vikombe. Huko nikawasikia wakimzika. Mama mkwe alisimulia yote: nani aliuosha mwili, mjane alikaa wapi, na nyumba ilivyokuwa kimya wageni walipoondoka. Hakuna aliyecheka. Halafu sauti ikamkatika, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu nikamsikia analia, shoga zake wakimpa pole. Kikombe kimoja nilikiosha muda mrefu sana. Hili nalo ni lalamiko: jarida la mapanga halina ruhusa ya kumliza fundi wa majokofu mbele ya sinki.

7. Kwa hiyo naomba kila mnunuzi afanyiwe mtihani. Akibainika anajua kuchemsha maji, kubembeleza mtoto au kumzika mtu vizuri, anyimwe jarida.

Naamini utachukua hatua kabla watu wote wenye busara hawajawa wasomaji wako. Wasalimie wachoraji, wapiga chapa, na yule anayesahihisha herufi, ingawa naona amechoka.

Wako mfiwa,
Fundi wa majokofu

Tanbihi: Tafadhali usiichapishe barua hii kabla ya Jumamosi. Mama mkwe amenirudisha mezani kama msaidizi wake. Tuna zimwi jike lenye uchungu pangoni, mtoto amekaa vibaya, na hatuwezi kuendelea bila toleo jipya. Tuma nakala mbili. Mke wangu anasema haniachii ya kwanza.