Nimesalisha Darasa la Yoga

Leo sina pa kuweka uso wangu. Na ni saa nne tu asubuhi, siku bado mbichi.

Nianze mwanzo ili mnihukumu vizuri. Mimi na wifi yangu Aneth, dada wa mume wangu, hatujaelewana tangu Krismasi. Tulipanda wote Kirua Vunjo kwa wakwe zangu kama kila mwaka, nikapewa heshima ya kupika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Wifi akaonja, akauliza mbele ya ukoo mzima kama kwetu Kibosho mtori tunaunywa kwa mrija. (Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, na hilo sijalisahau.) Kuanzia siku hiyo tukawa watu wa kupungiana mkono kanisani, basi.

Sasa mwezi huu mgongo wangu umegoma. Kuinama kuokota kijiko ni mradi wa nusu saa. Mume wangu akamwambia dada yake, na juzi ukaingia ujumbe: "Wifi, Jumamosi twende yoga hapa Shirimatunda. Nimeshakuandikisha." Nilisoma mara tatu. Kwa Aneth hiyo ndiyo samahani yenyewe, neno lenyewe halimtoki. Nilifurahi, sitaki kudanganya, maana nilikuwa nimemkumbuka. Asubuhi mume wangu alinisindikiza hadi getini akaniomba kitu kimoja tu, nisiende kuharibu.

Shida ni hiyo Jumamosi. Jumamosi saa moja asubuhi mimi huwa niko jumuiya, tena ndiye mwenyekiti. Kwa wasiojua, majirani Wakatoliki tunakusanyika kwa mmoja wetu, tunakaa mkekani, tunasoma neno, kisha mwenye ombi analitoa kwa sauti na wengine tunaitikia. Ukimya ukizidi, ni kazi ya mwenyekiti kuanza, vinginevyo mwenye nyumba anaona aibu. Kazi hiyo naifanya mwaka wa tisa sasa. Leo nikaomba udhuru, nikawaambia naenda matibabu. (Si uongo kamili.)

Tukafika. Ukumbi mdogo, madirisha wazi, wanawake kumi na wawili wamekaa chini kwa duara, kila mmoja na mkeka wake wa sponji. Wengi ni wa rika langu na kupanda juu. Viatu mlangoni. Nikawasalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, nikakaa. Mwalimu ni binti mpole anaitwa Nuru, sauti yake ya chini kabisa, unamsikiliza huku unasinzia.

Wifi alikuwa ameniazima suruali ya kubana. Mimi nikaifunga kanga juu yake. Mwalimu akaniambia kwa adabu kwamba kanga itanisumbua. Nikamjibu kwa adabu kwamba bila kanga nitawasumbua wao.

Tukaanza. Kuna pozi la mbwa anayejinyoosha, mikono chini, makalio juu. Kibosho nimekulia na mbwa watatu na hakuna aliyewahi kujinyoosha vile akaachwa bila kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Goti likalia, la jirani likaitikia. Halafu tukasimama kwa mguu mmoja tukiwa miti. Mti wangu ukayumba, nikamshika wifi bega, wifi akayumba naye, tukaangukiana mikononi. Tukacheka! Mara ya kwanza tangu Krismasi. Nikajisemea moyoni, yamekwisha, narudi nyumbani na wifi yangu.

(Ningeondoka hapo. Kwa nini sikuondoka hapo?)

Mwalimu akatuambia tukae, tukunje miguu, tuunganishe viganja kifuani, tufumbe macho na tutulie. Tukatulia.

Jamani, fikirieni mnayemsikiliza. Ni Jumamosi asubuhi. Niko chini mkekani, katikati ya kina mama, mikono imekunjwa, macho yamefungwa. Na kimya. Kimya kikaendelea. Mtu akakohoa. Mwingine akashusha pumzi ndefu. Kwetu jumuiya kikohozi cha namna ile kina maana moja tu, mwenyekiti amelala. Nikaanza kutoka jasho kwa niaba ya mwenye nyumba. Na mdomo wangu, bila kunishauri, ukafunguka.

"Ee Bwana, tunakushukuru kwa kutuamsha salama na kutukutanisha hapa. Tuwaombee wote wenye maumivu ya mgongo. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," wakaitikia.

Waliitikia! Nusu ya ukumbi, bila kusita, sauti zimepangika. Na mimi nikiitikiwa huwa nachangamka. Nikamwombea mwalimu Nuru apate mume mwema. Wakaitikia wengi zaidi. Hapo mdomo ukawa umeshanoga, na nyote mnajua jumuiya ndipo tunapoambiana yale ambayo uso kwa uso hatuyawezi.

"Tumwombee na wifi yangu Aneth, aliye hapa kando yangu. Umsamehe aliyoyasema Krismasi mbele ya wakwe. Umlainishe moyo kama unavyomlainisha viungo. Na umkumbushe, Bwana, arudishe ile sufuria yangu kubwa aliyoazima Desemba. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie!" Ukumbi mzima.

Nikafungua jicho moja kuona kama wifi ameguswa. Nikamwona mwalimu. Amekaa mbele yetu, viganja kifuani, mdomo wazi. Nikaona madirisha, nikaona mikeka ya sponji, nikaiona suruali niliyovaa. Sikuwa jumuiya. Nilikuwa nimealikwa kupatanishwa, na nimemsema aliyenialika mbele ya watu ambao hata majina yao siyajui.

Nikangoja ainuke aondoke. Wifi hakuinuka. Hata macho hakufumbua. Aneth ni msomaji wa masomo kanisani, sauti yake inafika hadi benchi la nyuma, na aliitumia yote.

"Tumwombee na wifi yangu, Mama Prisca. Ile sufuria niliirudisha Januari, nikampa kaka yangu mkononi, na sasa iko bandani kwao inatumika kunyweshea kuku. Umjalie macho ya kuona. Na ule mtori wake, Bwana, ulikuwa mwepesi kweli, wewe mwenyewe uliuona. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," wakaitikia wote.

Na mimi pia. Nimejiitikia mwenyewe. Mazoea ya miaka tisa.

Sufuria ni kweli iko bandani. Kila asubuhi naijaza maji, naipita, narudi ndani kumnung'unikia Aneth. Miezi yote hiyo nimemnunia mtu kwa chombo ambacho nakishika kwa mikono yangu miwili. Niliona aibu ya kweli, si ya kuchekesha, mpaka macho yakanilowa.

Mwalimu akatuamuru haraka tulale chali, wote, tena kimya, hasa wewe mama mwenye kanga. Tukalala. Nikiwa nimelala hivyo nikasikia mkeka wa jirani unatetemeka. Nikajua analia. Nikageuza kichwa nikamnong'oneza, "Wifi, nisamehe, kosa langu."

Hakuwa analia. Alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili, machozi yanatiririka hadi masikioni, anacheka mpaka hana sauti.

"Nyamaza," akasema alipopata pumzi. "Tunapumzika." Akanishika mkono pale sakafuni na hakuuachia mpaka mwisho wa kipindi.

Wakati wa kuvaa viatu bibi mmoja alinifuata. Aika sana, mwanangu, akasema, yaani ahsante, siku zote darasa hili lilikuwa zuri ila linamalizika kavu. Akaniuliza kama Jumamosi ijayo naweza kumwombea mkwewe wa kike, ana mambo mengi, atanipa kwa maandishi nisisahau hata moja. Mwalimu alikuwa anatusikia. Akashika kichwa.

Sasa niko nyumbani. Mgongo umepona kabisa, nadhani kwa mshtuko. Simu inalia mfululizo, kwa sababu Aneth ameshaweka kila kitu kwenye kundi la ukoo, kwa sauti, akiniiga, na baba mkwe ameomba irudiwe.

Kwa hiyo ninyi, tafadhali, msicheke kwanza. Kuna ukoo mzima mbele yenu kwenye foleni.