Injini Yangu Haitaki Joto

Kwako Ndugu Mhariri wa gazeti la mji wetu,

Natumai baridi haijakugandishia mtambo wa kuchapia. Sisi huku upande wa ziwani hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye ninaonewa.

Julai iliyopita pikapu yangu ilichemka nikivuta boti. Nikaifungia thamostati ya ubaridi, yaani kile kidude kinachoruhusu maji ya injini yapite kwenye rejeta. Hiki changu hufunguka mapema, kabla injini haijapata moto. Tangu hapo mshale wa joto haujanyanyuka. Sasa ni Januari, nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, na mshale bado umelala. Injini gani nyingine jimbo zima la Manitoba imetulia hivyo? Badala ya pongezi, napata haya:

1. Watu wanadai hita yangu inapuliza upepo wa kaburini. Uongo mtupu! Inapuliza hewa safi.

2. Jumamosi, tulipokuwa ukumbini tukicheza ule mchezo wetu wa kusukuma mawe kwenye barafu, mtu asiyejulikana aliziba rejeta yangu kwa boksi la karatasi, kama wafanyavyo waoga wote wa mji huu kila majira ya baridi ili injini zao zishike joto. Nikalitupa. Kesho yake natoka kanisani, nakuta maboksi mawili, moja limeandikwa "Pole, Metro." Ndugu Mhariri, kumzibia mtu rejeta bila idhini ni sawa na kumvalisha suruali kwa nguvu. Nataka polisi waingilie kati.

3. Kioo changu huganda kwa ndani. Naendesha huku nakwangua, na sijamlalamikia mtu.

4. Hili ndilo kubwa. Mke wangu Stefka sasa anakwenda kwenye mlo wa pirohi, vile visambusa vyetu vya viazi, kanisani na gari la jirani yetu Eggert Thorlakson, mgane mwenye meno yake yote. Gari hilo lina joto mpaka abiria wanavua makoti. Nauliza: mke wa mtu anavuaje koti kwenye gari la mgane? Nilipomwuliza, akanijibu, "Metro, mimi nakupenda, ila miguu yangu imekukataa." Eggert naye akachungulia dirishani: "Usijali kaka, nitamrudisha akiwa ameiva!" Wakaondoka wanacheka. Iliniuma, sifichi. Miaka yote hiyo kiti kile kilikuwa cha Stefka, na sasa nimepakia gunia la chumvi ya kuyeyushia barafu.

Kwa hiyo naomba baraza la mji lipige marufuku hita za magari, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwakani zifuate za majumbani. Na likishindwa, basi angalau limpige marufuku Eggert.

Nisalimie wote hapo ofisini, mama yako mzazi, na yule binti wa matangazo aliyekuwa na kikohozi.

Ni mimi msomaji wako mtulivu,
Metro Paziuk

Tanbihi: Stefka ameisoma barua hii mwanzo mpaka mwisho. Amesema hoja zangu zina mashiko, kisha akampigia Eggert simu aje kumchukua. Tafadhali, ukurasa wa nyuma, weka tangazo dogo: "Inatafutwa thamostati ya moto ya pikapu kuukuu. Ni kwa ajili ya rafiki." Mwenye nayo aniambie tu yuko wapi. Nitaifuata kwa miguu, maana huko nje kuna nafuu kuliko ndani ya pikapu.