Upande wa B Ungali Mtupu

Jumatatu, 3 Machi 1975

Diski imefika! Nimeipokea mwenyewe uwanja wa ndege wa Luano, nimevaa suti ya abacost ya shemeji. Kinshasa wameichapa vizuri. Upande wa A: "Shaba Inaimba". Ogani ya umeme niliyoinunua kwa Mgriki mmoja aliyehama, kisanduku cha midundo, na king'ora cha mgodi, nilichokinasa kwenye ua, chini ya mlima wa udongo mweusi. Upande wa B mtupu. Mawazo yaliisha.

Kwenye lebo: Citoyen Kalenga. Zéphirin ni jina langu la ubatizo, na majina ya ubatizo chama kiliyakataza. Sote sasa ni Citoyen, yaani raia; hata mama siku hizi ananiita hivyo. Kwa kejeli.

Mama Feza, mwenye baa, atanijaribu Jumamosi. Watu wakicheza, Jumamosi zote zangu. Wakikaa, jukwaa ni la Nasoro na gitaa lake, nami narudi kitongoji cha Annexe kupalilia mihogo ya shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Nimemsikilizisha Nasoro. Kosa.

"Citoyen," akasema, "iyi haiko wimbo. Iko frigo yenye malaria."

Wivu. Lakini ndiye aliyeisikia kwanza: baada ya king'ora kuna sauti ya mwanamume, nzito, inaita watu. Adrien. Wengine. Halafu Godefroid. Mimi sikunasa mtu! Pale uani hapakuwa hata na mbwa. Na yote majina ya ubatizo! Kuna anayetaka chama kinifunge. Namshuku Nasoro.

Mpango: sauti ikianza, nitakohoa kwenye maikro.

Jumamosi, 8 Machi

Baada ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, baa ikafurika. King'ora kikalia. Wanawake wakaweka glasi chini, wakatazama barabarani, kama siku za ajali. Nikakohoa.

Sauti ikasubiri nimalize.

Kisha ikaita Adrien. Mama Virginie akasimama, mkono mdomoni. "Ule iko bwana yangu," akasema. Adrien alifukiwa mgodini kabla mimi sijanunua ogani. Mama Feza akanieleza pembeni: hiyo ni appel, mwito wa majina, jinsi kapita, msimamizi wa mgodini, alivyowaita watu wake kabla ya kushuka. Unaitika, unashuka. Na kapita huyo alifukiwa pamoja nao.

Nikapumua. Chama hakiwezi kumfunga marehemu. Ni kwamba huko walipo habari za authenticité, majina ya asili tu, hazijafika.

Jina la mwisho, Godefroid. Huyo ni Mzee Mukuka, mzima kabisa. Siku ile ya ajali alikuwa na homa, hakushuka. Akainuka kama askari, akaitika kwamba yupo. "Présent!" Mazoea ya kazi. Tukacheka. Baadhi yetu.

Hakuna aliyecheza. Lakini hakuna aliyekaa! Wote walisimama mpaka mwisho. Nimemkumbusha Mama Feza masharti yake. Amesema atafikiri.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Mukuka hayupo. Mkewe anasema alivaa buti na kofia ya chuma, akachukua kopo la chakula, akalalamika kwamba amechelewa. Nyayo zake zinapita kwenye tope mpaka katikati ya mlima mweusi. Hapo zinakoma. Si kwamba zinarudi. Zinakoma.

Mama Feza amenirudishia diski, ameishika kwa kitambaa. "Baba, unguza iyi kintu," akasema. "Na kama inakuita, usiitike."

Jukwaa amempa Nasoro. Siasa tupu. Mji mzima unaizungumzia diski yangu. Nani anazungumzia gitaa?

Jumanne, 11 Machi

Nimewasha mkaa. Nimesikiliza mara ya mwisho, kwa kuaga.

Baada ya Godefroid kuna jina jipya. Jumamosi halikuwapo. Taratibu, kwa heshima: Zéphirin.

Hatimaye! Msanii ametajwa kwenye diski yake mwenyewe. Nasoro hutajwa na nani? Hujitaja mwenyewe. Nikasimama. Adabu ni adabu. "Présent!"

Mkaa nimechomea mahindi. Upande wa B ungali mtupu, na bwana yule ana sauti ya redio. Alfajiri napanda mlimani na kinasa sauti nimwombe aniimbie. Mihogo isubiri. Hata kuhusu tope nimeshabahatika: nimekuta buti mlangoni, kipimo changu kabisa. Sijui ni za jirani gani. Zimelowa, lakini ndani zina joto.