Mstari wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa macho anakuja Alhamisi. Siku moja tu, kisha hadi mwakani. Orodha ya wagonjwa iko kwenye tovuti ya kliniki, na fundi wa tovuti ni mimi. Kompyuta ilishakufa, kwa hiyo nahariri kwa programu ya kwenye simu. Herufi kama sisimizi, kidole gumba kama ndizi. Mama yuko mstari wa arobaini na moja. Jicho la kushoto limeshapofuka, la kulia linafuata. Arobaini na moja, mama wa fundi mwenyewe! Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nitajiganga.

Jumanne, 5 Machi
Dada kanusa. Kasema nisiguse foleni ya watu, daktari huyu kila mwaka huvuka arobaini, Mama atafikiwa. Dada ni mwalimu, dunia nzima anaiona darasa lake. Nikamjibu sijagusa kitu. Kweli, nilikuwa bado.

Jumatano, 6 Machi
Tayari. Nilikata mstari wa Mama ili niubandike namba tatu. Papo hapo Dada akatuma ujumbe wa kunionya. Nikamwandikia la kumkata maini, nikalinakili, nikalibandika na kwenye kundi la ukoo ili wajue. Kisha nikarudi kwenye orodha, namba tatu, nikabandika, nikarusha mtandaoni. Chaji ikaisha hapo hapo. Hakuna shida, programu hii hujihifadhi yenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Ukumbi umejaa. Mama kavaa gauni alilovaa harusi ya Dada. Muuguzi anaita majina akiyasoma kwenye skrini. Wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasita, kisha akasoma vilevile, yeye husoma kilichoandikwa: peleka ualimu wako shuleni, domokaya wewe. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akaniuliza ni mtoto wa nani huyo asiye na adabu.
Nikafungua orodha. Mama hayupo popote. Nikamkimbilia muuguzi. Akasema leo kila mtu ana mama aliyesahaulika, nikae chini. Daktari alifika namba arobaini na sita. Muuza mkaa aliyekuwa nyuma ya Mama katoka na bandeji yake.

Jumapili, 10 Machi
Muuguzi kasema jicho la kulia halitafika mwakani. Sijamwambia Mama. Aliponiuliza nikasema daktari aliishia thelathini. Akanishika mkono, akasema si neno, walio mbele yake nao walikuwa na shida zao. Sasa anakwenda jikoni kwa kupapasa ukuta. Nililia chooni, bomba nimelifungulia.
Kosa ni la Dada. Mtu yuko kazini, wewe unamtumia ujumbe! Hajanijibu tangu Jumatano, na afadhali.
Mchana nimefungua orodha ya mwakani. Bado tupu, haina hata mtu. Nimemweka Mama namba moja. Namba mbili nimejiweka mwenyewe, maana nasikia ugonjwa huu hurithiwa.