Waholanzi Wadai Kura

Leo nimeadhirika, jamani. Sogezeni vigoda, lakini mtu asinitazame usoni. Niacheni niangalie ile pamba pale nje wakati nasema.

Habari ya Uholanzi mnaijua. (Mnaijua kwa sababu sijazungumza kingine tangu pamba ianze kupasuka.) Wale wanafunzi wa chuo waliokuja kijijini kwetu likizo yao, kwa ule mpango wa kazi na matembezi. Wao wanakuja kuchuma pamba na kuiona nchi, kisha mtu mmoja wa hapa anakwenda kwao kufanya kazi shambani na kuiona Ulaya. Mtu mmoja tu. Na Mratibu wa mpango alishasema kwamba wageni wakikijua Kiswahili vizuri, atakayependekezwa ni aliyewafundisha. Aliyewafundisha ni nani? Mimi, Kabula, binti wa mfugaji.

Sasa yule Anneke, mrefu, mwenye madoa usoni, alinionyesha picha ya ng'ombe wa baba yake. Mweusi kwa mweupe, mpana kama mlango wa ghala, kiwele karibu kiguse majani. Ng'ombe mmoja debe zima la maziwa, na hiyo ni asubuhi tu. Mimi nimezaliwa pembeni mwa zizi. Ile picha iliniingia. Nikawa nawafundisha huku nimo ndani yake, nimeshika ndoo, nakanyaga umande wa Uholanzi, vumbi hakuna, ng'ombe wananifuata taratibu kama wananijua tangu zamani. Wageni wanarudia maneno, mimi nawasikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Ndiyo maana makosa yao sikuyasikia.

Makosa yao? Yangu. Mnakumbuka siku yetu ya kwanza chuo cha ualimu, niliposema "kalibuni chakula" na bweni zima likavunjika mbavu. (Mlikuwamo, msijifanye.) Sisi Wasukuma ulimi wetu na ile r hawajazoeana. Tangu siku ile niliapa kwamba penye shaka naweka r. Nikaweka, nikaweka, mpaka pasipo na shaka yoyote nikaweka. Vitabu vya kuwafundishia hatukuwa navyo, chaki zilikwisha zamani, kwa hiyo nilifundisha kwa mdomo. Wao wakaandika walichosikia.

Basi leo asubuhi Mratibu kaja na Landrover kutoka Shinyanga mjini. Mtu wa Tanga huyo, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Upepo ulikuwa mwepesi, nyuzi za pamba zinaelea kila mahali, nami nimevaa kitenge changu kile cha harusi za watu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mabula, kasimama mbele ya ghala na kofia yake mkononi. Nikajisemea, Kabula, haya ndiyo mapambazuko yako.

Wageni wakatoka ghalani wamebeba mabango ya maboksi.

Sikushtuka. Nilijua wana malalamiko, na kusema kweli yalikuwa ya haki. Waliahidiwa ziwa na wanyama, safari yao pekee ikawa ya kupanda juu ya lori la pamba kwenda kiwandani na kurudi. Wanalala kwenye mikeka. Na chakula chao kila siku ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo mpishi wao Doto huvichemsha kidogo tu kwa sababu anaonea kuni huruma. Mimi ndiye niliyewaambia wayaseme yote kwa Kiswahili mbele ya Mratibu. (Kwa faida yangu, ndiyo. Ng'ombe walikuwa wananiita.)

Bango la kwanza lilisema: TUPEREKENI ZIWANI. La pili, kubwa zaidi: KAZI BIRA KURA HAPANA.

Nililisoma, nikaona fahari. Mzee Mabula naye akalisoma polepole, akatikisa kichwa kukubali. "Kweli kabisa," akasema, "mtu hafanyi kazi bila kula." Mratibu peke yake hakutikisa kichwa. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, hawa wageni wanadai kura?"

"Ndiyo, Ndugu Mratibu. Hata mimi nawaunga mkono."

"Unawaunga mkono? Wageni wapate kura katika nchi hii?"

"Sasa wakapatie wapi, Ndugu? Kwao ni mbali."

Jasho likamtoka mwenzenu wa Tanga. Kabla hajasema neno, Anneke akaja na adabu zake zote nilizomfundisha, akapiga goti. "Shikamoo, Ndugu. Sisi tunataka kura kira siku. Asubuhi kura, jioni kura."

"Marahaba," akajibu Mratibu.

Mwenzake Pieter, yule mwenye ndevu, akaongeza huku ameshika tumbo. "Kura ya Doto ngumu sana. Inauma hapa."

"Doto ndiye nani?" Mratibu akaniuliza. "Anagombea nini?"

"Hagombei, Ndugu. Ni mpishi."

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaenda kwenye sahani ya wageni, akachukua kipande cha michembe, akakitia mdomoni, akatafuna mbele yangu. Watu wote wanatazama. "Mwalimu," akasema, "hiki ninachofanya kinaitwaje?"

"Kura," nikasema.

"Na kile cha kutumbukiza karatasi kwenye sanduku?"

"Kula."

Aliyeanza ni dereva wake. Alicheka mpaka akashika kioo cha gari. Mratibu akajizuia, akajizuia, akashindwa, akakaa kwenye robota la pamba anafuta machozi. Wageni wakacheka bila kujua kwa nini. Mzee Mabula akaniinamia sikioni, akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani umekosea wapi?"

Mratibu alipopata pumzi alikuwa mwungwana, simsemi vibaya. Wageni aliwaahidi kwamba keshokutwa wanapelekwa ziwani, na magodoro yatatafutwa. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, sikukatai. Lakini siwezi tena kukupendekeza peke yangu, watanicheka wizarani. Wanakijiji wenyewe wachague nani aende Uholanzi, leo hii, kwa kura." Akaongeza, "Kwa r."

Roho ikanirudia. Kijiji kizima nimekifundisha kusoma, nani anishinde? Mzee Mabula akauliza kama kuna mwingine anayetaka kwenda. Doto akanyoosha mkono wenye mwiko. Tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Doto akinywa maziwa anaumwa tumbo siku mbili.

Mratibu akanipa kipaza sauti cha kwenye Landrover nikatangaze. Hapa ndipo akili ilipoondoka. Ningetangaza kwa Kisukuma ningekuwa salama, lakini nilitaka Mratibu asikie kwamba nimejirekebisha. Gari likaenda polepole kati ya mashamba, pamba nyeupe kulia na kushoto, upepo usoni. Nikajiuliza, kasema r au l? R ndiyo ya kutafuna? Au ile ya kutafuna ndiyo niliyokuwa nimeikosa? Pamba ikaanza kufanana na majani yenye umande, nikaona kiwele, nikaona ndoo. Nikafungua mdomo.

"Mgeni wetu ameleta kula. Kila mtu mzima ana yake moja. Njooni ghalani mchana, msikose."

Mchana walikuja wote. Sijawahi kuona mkutano wa namna ile. Vikongwe ambao hawajatoka nyumbani tangu mavuno ya mtama walikuja. Na kila mtu ameshika bakuli.

Mratibu hakuyaona mabakuli, alikuwa anaeleza utaratibu. Anayemtaka Mwalimu apange mstari mbele ya Mwalimu, anayemtaka Doto apange mbele ya Doto. Tukasimama, mimi huku na Doto kule. Mtu hakusogea. Walikuwa wanatazama ndani ya mabakuli yao, kisha wananitazama mimi.

Doto ana moyo wa huruma, hilo ndilo lililoniua. Aliona watu na vyombo vitupu, akakumbuka sufuria zima la michembe ambalo wageni walilikataa asubuhi. Akaingia ghalani, akalitoa, akalitua miguuni pake, akanyunyizia karanga za kusaga juu. Mstari ukajipanga wenyewe, ukazunguka ghala, ukapita kwenye robota za pamba ukaenda mpaka barabarani.

Mbele yangu alibaki Mzee Mabula. Alisimama kwa heshima, namshukuru. Halafu upepo ukageuka ukaleta harufu ya karanga, akakohoa, akasema anakwenda kuangalia utaratibu upande wa pili. Alikuwa na bakuli ndani ya kofia.

Nikamwona na mama yangu kwenye mstari. Mama mzazi, ameshika lile bakuli la maua nililomnunulia mimi. "Mama," nikamwita, "na wewe unampa Doto kura?"

"Mwanangu," akajibu bila kutoka kwenye nafasi yake, "si umetangaza mwenyewe kila mtu mzima ana yake?"

Mratibu akahesabu. Hakuhitaji kuhesabu, lakini alihesabu. Akamshika Doto mkono, Doto akafuta wake kwanza kwenye aproni, akauliza Uholanzi iko upande gani wa Mwanza.

Akabaki Anneke. Alitoka walikokuwa wageni, akaja akasimama mbele yangu peke yake, na yeye hana hata haki ya kuhesabiwa. Akanishika bega. "Pore, mwarimu," akasema. Matamshi yangu kabisa, hajaacha hata moja. Hapo ndipo nililia, jamani, kwa uchungu na kwa fahari pamoja, maana angalau mtu mmoja amejifunza nilichofundisha. Ile picha ya ng'ombe amenipa. Hii hapa, mtazame kiwele, halafu mnirudishie.

Na kabla hamjacheka, nani ana kiporo? Kwenye ule mstari sikupanga, na tangu asubuhi sijala. Kwa l. Nimemuuliza Mratibu.